Kabla ya mtoto, mbeleko

Panda pantoni asubuhi upande wa Kigamboni, umtazame mama anayejiandaa kushuka Magogoni. Anainama kidogo, anamlaza mtoto mgongoni kifudifudi, anamfunika kanga, anaivuta hadi chini ya makalio ili miguu ikumbatie kiuno, kisha anasokota ncha mbili juu ya kifua. Anajirusha kidogo, mtoto anakaa sawa. Mkono mmoja mfuko, wa pili umemshika kaka mtu. Nusu dakika haijaisha.

Nguo hiyo ni mbeleko, na jina limetoka katika kubeleka, kubeba mtoto mgongoni. Watu wa pwani waliipa heshima kubwa hata ikaingia kwenye mazungumzo ya posa. Muoaji alidaiwa kilemba cha baba, mkaja na ubeleko vya mama. Mkaja ni nguo ya kujifunga tumbo baada ya uzazi. Ubeleko ni shukrani kwa mgongo uliombeba bibi harusi alipokuwa mchanga. Mimi naona hapo kuna hekima ya kupanga mambo: ndoa haijafungwa, na tayari vifaa vya ulezi vimetajwa mbele ya wazee.

Kigamboni ya leo, pamoja na Mbwamaji yake iliyokuwa bandari kabla Sultani Majid hajaanza kuujenga mji wa Dar es Salaam miaka ya 1860, ilipokea nguo kwa njia ya bahari. Bara wengi walibebea ngozi laini ya mbuzi au kondoo. Pwani kulikuwa na kaniki, nguo ya rangi ya nili kutoka India, na merikani, pamba isiyopaushwa iliyobeba jina la nchi ilikotoka, Marekani. Kanga ilifuata nusu ya pili ya karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso zikiwa bado jora, wakazishona sita pamoja zikawa nguo moja pana. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zinajulikana hadi leo kama Mali ya Abdulla, alianza biashara Mombasa. Viwanda vya Uingereza, Uholanzi, India na baadaye Japani vilichapa kanga kwa ajili ya soko hili. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Ubungo, na kanga za Dar zikawa zinatoka Dar yenyewe.

Kanga mpya haifai kubebea. Ina wanga, inateleza, inamkwaruza mtoto. Huloweshwa, hufuliwa, huanikwa, hurudiwa, mpaka ilainike. Ndiyo maana mjamzito anayejua hanunui doti wiki ya mwisho. Hununua mimba ikiwa bado changa, akazivaa mwenyewe kwanza. Siku ya kwenda kujifungua kanga hukaa juu kabisa ya mfuko, pamoja na beseni, pamba, sabuni na mpira wa kutandika: moja ya kumpokelea mtoto, moja ya kumfunika, moja ya mama.

Vigari vya watoto vipo madukani, na daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016 limewaletea watu wa Kibada na Mjimwema barabara nzuri. Lakini lami ikiisha, mchanga unaanza, na gurudumu dogo halina la kufanya. Wala kigari hakikunjiki ndani ya bajaji yenye watu wanne.

Hata hospitalini kanga ina kazi. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey, akiwa na upungufu wa mashine za joto za watoto, aliwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mtindo huo, malezi ya kangaruu, umefika wodi za Tanzania, na kinachomshikilia mtoto pale mara nyingi ni kanga ile ile, safari hii imehamia mbele.

Mama mkubwa wangu wa Mjimwema anayo kanga moja ya kubebea, nyekundu iliyofifia ikawa kama tofali, maandishi hayasomeki. Imebeba watoto wake wanne na wajukuu. Kanga zake nyingine zimeshakatwa nepi, kisha vitambaa vya kudekia. Mjukuu wake alipokuja na mkasi akitafuta nepi za mtoto wake mchanga, aliikuta ile nyekundu kabatini.

"Hiyo iache, mama," akaambiwa. "Wa kwako hajabebwa bado."

Akaikunjua, akainusa, akamwomba bibi amfunge.