Kiwango cha Vizazi, Kiwango cha Vifo: Kati ya Watu Wangapi?

Wauguzi wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo husomea takwimu za afya kwa Kifaransa, kisha huwaeleza wananchi kwa Kiswahili. Neno taux, wanalokutana nalo kila mara, tumelizoea kama „kiwango“. Tafsiri hiyo inafaa, ila inahitaji uangalifu. Katika mazungumzo, kiwango ni kipimo au daraja, kama kiwango cha elimu. Katika elimu ya idadi ya watu, kiwango ni mgawanyo: matukio yaliyotokea hugawanywa kwa watu ambao yangeweza kuwapata, katika muda uliotajwa. Walimu wa hesabu huita namba ya juu ya sehemu kiasi, na ya chini asili. Penye kiasi bila asili hakuna kiwango, kuna idadi tu.

Kuna maneno mengine mawili ya kutenganisha. Sheria ya Tanzania husema uandikishaji wa vizazi na vifo, na hapo „vizazi“ ni matukio ya kuzaliwa. Hivyo kiwango cha vizazi ni watoto waliozaliwa hai kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Nchini Kongo ni zaidi kidogo ya 40. Kiwango cha uzazi ni wastani wa watoto ambao mwanamke angewazaa maishani mwake. Utafiti wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta 6.6. Vifo hukadiriwa kuwa karibu 9 kwa watu 1,000 kwa mwaka. Ukitoa vifo katika vizazi, unapata ongezeko la zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, mwendo unaoweza kufanya watu kuwa maradufu kwa miaka 22 hivi.

Vifo 9 ni vichache kuliko vya Japani, ambako huzidi 12. Je, Mkongo ana afya kuliko Mjapani? La. Kipimo hiki huitwa kiwango ghafi kwa sababu huchanganya watu wa umri wote. Japani imejaa wazee, ilhali karibu nusu ya Wakongo hawajatimiza miaka 15. Utafiti uleule wa 2013–2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 104 walikufa kabla ya miaka mitano. Neno „ghafi“ lisiachwe kamwe.

Asili yenyewe ndiyo yenye taabu zaidi. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984, ikahesabu watu takriban milioni 30. Leo makadirio yanapita milioni 100. Huko Pinga, mji mdogo wa Kivu ya Kaskazini mpakani mwa maeneo ya Masisi na Walikale, taabu hiyo ni kubwa zaidi. Vita vikifika, watu hukimbilia porini au vijiji vya mbali. Daftari la hospitali huandika waliofika hospitalini. Mama aliyefia njiani na mtoto aliyezaliwa msituni hawamo. Kiasi kinapungua, asili haijulikani, na utulivu wa daftari unaweza kuficha msiba.

Muda nao hubadilisha sura ya namba. Katika dharura, mashirika ya afya hutumia kizingiti cha kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku. Kinasikika kidogo, lakini kwa mwaka ni vifo 36.5 kwa watu 1,000, mara nne ya makadirio ya nchi nzima. Shirika la misaada la IRC (International Rescue Committee), katika ripoti yake ya 2008 kuhusu Kongo, lilitaja vifo 2.2 kwa watu 1,000 kwa mwezi, yaani 26.4 kwa mwaka. Anayelinganisha 2.2 na 9 bila kutazama muda atadhani vita vilipunguza vifo.

Kwa hiyo, mwandishi wa habari, mtangazaji wa redio na muuguzi waseme istilahi kamili: „kiwango ghafi cha vifo kwa watu 1,000 kwa mwaka“. Na wanapoitaja Pinga, waongeze watu wa huko walihesabiwa lini, na wangapi walikuwa wamekimbia. Msaada wa dawa na chakula hugawanywa kwa kufuata asili hiyo. Aliyeachwa nje ya hesabu huachwa pia nje ya mgao.