Mafunzo ya Mwalimu wa Muziki Nchini Kenya: Noti, Lugha na Wimbo

Mwalimu wa muziki katika shule za Kenya alianza akiwa mwalimu wa kwaya. Misheni zilizofungua shule, kama ile ya Maseno mwaka 1906, zilihitaji waimbaji wa ibada. Basi aliyeweza kuongoza sauti nne alihesabiwa kuwa amehitimu. Nyenzo yake kuu ilikuwa solfa, mfumo ulioenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19. Mfumo huo haukudai kinanda wala karatasi ya mistari mitano, bali ubao, chaki na sikio.

Hata hivyo, palikuwa na upungufu. Mahadhi yalifika kutoka Ulaya yakiwa yamekwisha kukamilika, na maneno ya Kiafrika yakalazimishwa kuyafuata. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito la wimbo likiangukia silabi nyingine, neno husikika kama limetamkwa na mgeni. Katika lugha za toni, kama Kikuyu na Dholuo, tatizo huzidi, kwani sauti ikipandishwa mahali pa kushushwa, huenda maana ikapotea. Mwanafunzi wa ualimu alifunzwa kusahihisha noti. Kupatanisha neno na mahadhi hakukuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na chuo cha Conservatoire, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1944, viliinua kiwango cha uimbaji na upigaji ala, lakini kwa muda mrefu mizani iliyotumiwa ilikuwa ya Ulaya.

Mwaka 1963 ulileta fundisho jipya. Jopo la kutunga wimbo wa taifa liliwajumuisha Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Peter Kibukosya na Thomas Kalume. Jopo hilo lilichagua mahadhi ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto, likayatungia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kwa hivyo ilidhihirika kwamba elimu ya noti inaweza kuutumikia wimbo wa wenyeji badala ya kuuondoa.

Omondi na Senoga-Zake baadaye walifundisha Kenyatta, chuo kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1985. Omondi pia aliongoza tume ya rais kuhusu muziki iliyoteuliwa mwaka 1982. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, muziki uliingizwa katika mtihani wa shule za msingi, na haja ya walimu ikaongezeka ghafla. Mapema katika miaka ya 2000 muziki uliondolewa katika mtihani huo. Somo lisilotahiniwa halikawii kunyimwa saa zake, na mwalimu wake hupewa vipindi vya masomo mengine.

Historia hii yaonyesha kwamba mwalimu wa muziki hakutoshelezwa na noti peke yake. Anayefundisha watoto kuimba huwafundisha pia kutamka. Akiwa hajui mkazo wala toni, atawazoesha kuiimba lugha yao kwa lafudhi ya kigeni, na kosa hilo litarithiwa pamoja na wimbo. Kwa sababu hiyo, idara za lugha za Kiafrika zina sehemu yao katika mafunzo yake. Si wajibu wa kuachiwa idara za muziki peke yake.