Bibi Zetu Walisomaje? Na Sisi Simu Inatupeleka Wapi?



Leo tuweke pembeni mishono na hina. Siku moja bibi harusi mmoja alikuja dukani kupimwa gauni. Tukamuuliza kile kitabu cha ndoa alichopewa zawadi na shangazi yake amefikia wapi. Akacheka: "Dada, ukurasa wa tisa. Kila nikikifungua, simu inaita." Tukacheka naye. Alipoondoka tukatazamana, maana na sisi kitabu chetu kipo juu ya meza ya kukatia tangu Mfungo Sita, na kipande cha uzi tulichowekea alama hakijasogea. Oda zinakuja kwa simu, picha za mishono zimo kwenye simu, hata darsa tunasikiliza kwa simu. Tunaishika kumjibu mteja mmoja, tunaiweka chini nusu saa imepita.

Basi tukajiuliza: wanawake wa visiwa hivi, kabla ya haya yote, walisomaje?

Tuanzie Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Hapo, mwaka 1844, alizaliwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, ameeleza kuwa watoto wa kasri walisomeshwa Qurani pamoja, lakini wasichana waliishia kwenye kusoma tu. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao wanafunzi waliutumia kama ubao, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri, moja moja, mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1859 ndugu zake Majid na Barghash walipogombania utawala, yeye, akiwa na miaka kama 15, ndiye aliyekuwa akiandika barua za upande wa Barghash. Maisha yake ya baadaye yalichukua njia nyingine, na hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Leo tunachotaka mkione ni ule mfupa. Mtoto wa sultani, mwenye kila kitu, alijificha ili ajifunze herufi.

Sasa tupande jahazi twende kaskazini, Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mji huu ulisifika kwa wanazuoni wake na kwa watu walionakili misahafu kwa mkono. Mahali ambapo kitabu kimoja ni kazi ya siku nyingi za mtu aliyeinama, hakuna wa kukifunua akakitupa.

Huko ndiko alikoishi Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Mabibi harusi wengi mmesikia utendi wake, hata kama hamjausoma wote. Aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alifariki miaka michache tu baadaye. Una beti mia moja na ushei, na mwanzoni mwake mama anamwita binti asogee, akae, achukue wino na karatasi. Kwanza akae, ndipo wasia uanze: dini, adabu, mume, nyumba, watu wa kila daraja.

Hebu tufikirie hilo. Mama mgonjwa alikuwa na maneno marefu ya kumwachia mwanawe. Alihitaji binti awezaye kukaa mpaka mwisho.

Hapa tuseme ukweli wetu. Marehemu mama yetu macho yalipodhoofu alituomba tumsomee kitabu cha Sira kila baada ya Magharibi. Tulikuwa tukimsomea huku simu iko mapajani. Jioni moja ikalia mara tatu, akasema kwa upole, "Basi wanangu, mjibuni kwanza huyo mtu." Tukajibu. Hatukurudi kwenye kitabu usiku ule, wala uliofuata. Mama alitangulia mbele ya haki na Sira yetu haijafika Hijra. Allah amrehemu.

Hatusemi bibi zetu wote walikuwa wasomi. Wanawake wengi, na zaidi waliokuwa watumwa, hawakupewa nafasi hata ya kushika kalamu. Unguja skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa mwaka 1927 tu. Lakini waliosoma walikuwa na mambo matatu ambayo sisi tumeyaachia.

Kwanza, walisoma kwa sauti. Ulimi ukisoma na sikio likisikia, moyo hauna pa kutorokea. Pili, walisoma pamoja. Utendi haukuwa wa mtu kujifungia chumbani; mmoja alisoma, wengine walisikiliza, na asiyejua herufi aliondoka na beti kichwani. Tatu, walirudia. Kitabu kilekile, mwaka hadi mwaka, kama tunavyorudia juzuu zetu kila Ramadhani. Na Waswahili wa zamani neno "chuo" walilitumia kwa kitabu na pia kwa mahali pa kusomea. Kitabu kilikuwa na pahala pake na wakati wake.

Sisi tumekitoa kitabu kwenye pahala pake, tukakiweka kugombana na simu. Simu imetengenezwa itushinde, na kila siku inatushinda.

Kwa hiyo dukani kwetu tumeanza jambo dogo. Baada ya Alasiri simu zote zinaingia kwenye droo ya mikasi, kwa dakika ishirini. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanapiga pindo kwa mkono, kisha tunapokezana. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu wallahi. Mkono ulikuwa ukienda kwenye droo wenyewe. Mteja mmoja alikasirika kwa kuchelewa kujibiwa, tukamwomba radhi. Sasa tuko wiki ya tano, na tumeanza na ile Sira ya mama, pale tulipoishia.

Bibi harusi wetu alikuja juzi kujaribu gauni, akakuta tunasoma. Akakaa kitako sakafuni, viatu mkononi, akasikiliza mpaka tukafunga kitabu. Akauliza, "Kesho mnaendelea saa ngapi?"

Mpenzi msomaji, kama una mama, shangazi au bibi aliye hai, leo baada ya Magharibi mwambie, "Nikusomee." Simu iache chumba kingine.

Allah atufungulie nyoyo zetu kwa elimu yenye manufaa. Amin.