Jina, Mapokeo na Ushahidi: Tafsiri ya Jengo la Al-Khazna, Petra

Jengo la Al-Khazna, lililochongwa katika jabali la jiwe la mchanga huko Petra, kusini mwa Yordani, lina kimo cha takriban mita 40. Wanahistoria wengi hulihusisha na utawala wa Aretas wa Nne, mfalme wa Wanabati kati ya mwaka 9 K.K. na 40 B.K. Insha hii inajenga hoja kwamba jina la jengo hili ni ushahidi kuhusu watu waliolirithi, wala si kuhusu wale waliolichonga.

Jina hilo la Kiarabu lina mzizi mmoja na neno la Kiswahili “hazina”. Kwa mujibu wa mapokeo ya Mabedui, Firauni alificha mali yake ndani ya chombo chenye umbo la mtungi kilichoko kileleni mwa jengo. Chombo hicho ni jiwe tupu lisilo na uwazi ndani. Hata hivyo, kina makovu ya risasi zilizofyatuliwa na watu waliotaraji kukipasua. Mapokeo hayo yalipata nafasi ya kustawi kwa sababu uso wa jengo hauna maandishi yanayomtaja mwenyewe.

Hali ni tofauti huko Hegra, mji mwingine wa Wanabati uliopo kaskazini-magharibi mwa Saudia. Zaidi ya makaburi 30 ya huko yana maandishi yaliyochongwa juu ya milango. Maandishi hayo humtaja mwenye kaburi, warithi wake na, mara nyingi, mwaka wa utawala wa mfalme. Mengi hukataza kaburi kuuzwa au kuwekwa rehani, na hutoza faini ya kulipwa kwa mungu Dushara na kwa mfalme. Baadhi ya wamiliki ni wanawake. Kutokana na ushahidi huo, inabainika kwamba jabali lililonakshiwa lingeweza kuwa milki ya ukoo, yenye kulindwa na sheria pamoja na dini.

Ulinganisho huu hautoshi peke yake kuthibitisha matumizi ya Al-Khazna. Hata hivyo, uchimbaji wa mwaka 2003 ulifichua vyumba vya maziko chini ya uwanja ulio mbele yake, jambo linaloipa nguvu zaidi tafsiri ya kaburi kuliko ile ya ghala la mali.

Kwa hiyo, mapokeo ya Firauni hayapaswi kutupwa. Yanaeleza namna vizazi vya baadaye vilivyoupa maana mwamba usio na maneno. Kosa hutokea pale yanaposomwa kama kauli ya wajenzi wenyewe. Makovu yaliyoko kwenye mtungi yanaonesha kwamba kosa hilo la tafsiri liligeuka kuwa uharibifu wa ushahidi ambao mwanahistoria anauhitaji.