Merikani: Bonde la Mto Merrimack katika Msamiati wa Kiswahili

Neno merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ni hati ya kihistoria. Kuanzia miaka ya 1820, maji ya mto Merrimack, Massachusetts, yaliendesha viwanda vya nguo vya Lowell. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, wafanyabiashara wa Salem walileta Unguja nguo za Massachusetts na kununua pembe za ndovu zilizofikishwa pwani mabegani mwa wapagazi. Vita vya 1861–1865 viliadimisha pamba hiyo, nguo za India zikashika soko, lakini jina likabaki. Kamusi inayotaja kitambaa pekee huwasahau watumwa na wapagazi hao. Inafaa kamusi zetu zieleze pia asili ya neno.