Mwanamke, mtaji na hofu ya hasara: funzo kutoka Ziwa Victoria

Husemwa mara nyingi kwamba mwanamke ni mwoga wa kuwekeza na mwanamume ni jasiri. Yaliyoonekana kando ya Ziwa Victoria yanaonyesha kuwa swali kubwa zaidi ni fedha zinawekwa wapi, na nani ana mkono juu yake.

Hofu ya hasara ni ya kila mtu. Mwaka 1979, Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kilekile. Kujiamini kupita kiasi nako kuna gharama: mwaka 2001, Brad Barber na Terrance Odean walionyesha kuwa wanaume Wamarekani walinunua na kuuza hisa kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, wakajipunguzia faida kuliko wao.

Katika Busia, kaunti inayopakana na ziwa, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti za benki ya kijiji wachuuzi wa sokoni na wanaume wa bodaboda za baiskeli. Akaunti hazikulipa riba, na kutoa fedha kulikatwa ada. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa wanawake wa sokoni waliongeza akiba na mtaji wa biashara. Kwa wanaume wale hayakuonekana mabadiliko. Fedha iliyo nyumbani ina waombaji wengi: mume, jamaa, majirani. Iliyo benki huponyoka maombi hayo.

Kisumu nako kuna ushahidi. Baadhi ya wanawake wachuuzi wa samaki wamebanwa na desturi ya jaboya, ambapo mvuvi hudai mwili wa mwanamke ndipo amuuzie samaki. Kuanzia mwaka 2011, wanawake wa ufuo wa Nduru walipata mashua zao wenyewe na kuajiri wavuvi. Walichokuwa wamekosa ni chombo, si ujasiri. Lakini mafuriko ya mwaka 2020 yaliifunika Nduru, na watu wakahama makazi yao.

Kwa mama wa Mombasa au Lamu anayengoja zamu yake ya mchezo, funzo ni hili: akiba iwe kwa jina lako, mbali na mkono wa haraka, wala mtaji wote usipakiwe chombo kimoja.