Uso Huita, Jina Hurudisha



Sisi wa Kindu twajua maana ya ng'ambo. Mto Lualaba umeugawa mji wetu: huku Kasuku na Mikelenge, kule Alunguli, na kati yake hakuna daraja. Hata hivyo mtumbwi huvusha watu kila siku, na mama aliyekwenda sokoni asubuhi hurudi kwake jioni. Utengano ulioletwa na vita haukuwa wa namna hiyo.

Mwezi wa Oktoba 1998 mji wetu uliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, huku Lubumbashi na Kinshasa zikibaki upande wa serikali. Treni iliyotuunganisha na kusini ilikoma, isirejee hadi 2004. Aliyekuwa na ndugu Lubumbashi alikuwa na ng'ambo isiyofikiwa na mtumbwi wowote. Barua fupi za Msalaba Mwekundu zilibeba habari za jamaa tu, tena bila kufungwa. Nyumbani, picha ya ukutani ilishika nafasi ya asiyekuwapo.

Je, picha yaweza kufanya zaidi ya kukumbusha? Historia ya mashariki ya nchi yetu yatujibu. Julai 1994, wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, na maelfu ya watoto wakapotezana na wazazi wao. Wengine walikuwa wadogo mno, wasiweze kutaja hata jina la baba. Ndipo UNICEF, Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yakawapiga watoto picha, zikaonyeshwa kambini. Mzazi alisimama mbele ya nyuso nyingi akitafuta mmoja.

Lakini kidole kilichoonyesha picha hakikutosha, kwa maana huzuni huweza kudanganya macho. Mzazi aliulizwa habari za mtoto. Mtoto naye, akiweza kusema, aliulizwa habari za kwao. Majibu yalipolingana, ndipo walipokutanishwa.

Hapo pana somo kwetu. Uso huita, bali jina na habari ndivyo vimrudishavyo mtu kwao. Picha nyingi za wazee wetu hazina neno nyuma yake, na waliosimama humo bega kwa bega wamekuwa wageni kwetu, ingawa ni damu yetu. Tutakapokutana tena, kila mmoja alete picha moja ya nyumbani, akiwa amekwisha kumuuliza mzee angali hai: huyu ni nani, na alibaki wapi? Jibu aliandike nyuma.